Maradhi ya mjini yameshafika Garsen

Msomaji mpendwa, wiki hii nitaanza na kisa cha ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Majina yao sitayataja, kwani mgonjwa anayemwamini daktari wake hapaswi kujikuta gazetini. Hata hivyo, wenyewe wameniruhusu nisimulie yaliyowapata, wakisema huenda yakamfaa mtu.

Mkubwa, ambaye sasa ana miaka 55, hajawahi kuhama kwao. Anaishi katika kijiji kimoja kando ya Mto Tana, si mbali na mji wa Garsen, na tangu ujana wake amekuwa akilima mpunga, mahindi na ndizi kama walivyofanya wazee wake. Mdogo, aliyepishana naye miaka minane, alipanda basi la Mombasa mara tu alipomaliza shule. Akapata kazi ya ukarani, akaoa, akajenga, na akanenepa. Nyumbani walimsifu. Kila alipokwenda likizo, kina mama walimtazama mashavu wakasema mji umempenda.

Asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, mkewe alimleta kwenye kliniki yangu akiwa amejiinamia, mkono umeshika kifua, shati limelowa jasho na mwili ni wa baridi.

"Amekesha akisema ni gesi, daktari," mama huyo aliniambia. "Nimempa maji ya ndimu, nimempa magadi, hakuna kilichosaidia."

Haikuwa gesi. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba mshipa mmoja unaoulisha moyo ulikuwa umeziba. Tulimkimbiza hospitali na akapona, lakini sehemu ya msuli wa moyo wake ilikuwa imekwisha kufa usiku ule walipokuwa wakingoja gesi itoke. Leo akipanda ngazi za ghorofa ya pili hupumzika mara mbili.

Majuma kadhaa baadaye alirudi kwangu kuangaliwa, safari hii akisindikizwa na kaka yake aliyetoka Garsen kuja kumjulia hali. Mzee yule, mwembamba na mwenye mikono ya jembe, alimtazama mdogo wake kwa huruma, kisha akanigeukia.

"Daktari, haya ni maradhi ya huku kwenu," akasema. "Sisi kule mtoni tunalima, tunatembea, tunakula samaki. Moyo hautusumbui."

Nilimwomba akunje mkono wa shati. Kifaa kikasoma 178 kwa 104. Nikamwacha akae kimya kwa dakika tano, nikampima tena kwenye mkono ule ule. Ilikuwa karibu vile vile. Mzee akakitazama kile kifaa kana kwamba kimemtukana.

Naandika makala haya kwa sababu ya siku ile. Wengi wetu tunaoishi Mombasa, Nairobi na miji mingineyo tunafikiri kama mzee yule. Tunajifariji kwamba tumeweka akiba ya afya kijijini: kwamba wazazi tuliowaacha kule wako salama, na kwamba mambo yakituzidi huku tutarudi nyumbani, tule muhogo na mboga za majani, na mwili utapona. Maoni yangu ni kwamba akiba hiyo inakwisha. Tena sisi wenyewe tunaoishi mjini ndio tunaosaidia kuimaliza.

ZAMANI MZEE ALIKUWA NA HAKI

Kwanza tumpe mzee haki yake, kwa maana aliyoyasema yalikuwa kweli siku zilizopita. Mnamo mwaka 1929, daktari mmoja aliyeitwa Donnison, aliyefanya kazi katika nchi yetu upande wa Ziwa Victoria, alichapisha vipimo vya presha vya watu wapatao 1,000 wa huko. Ulaya ilijulikana kuwa kadiri mtu anavyozeeka ndivyo presha yake inavyopanda. Kwa watu hao wa ziwani haikuwa hivyo: wazee hawakuwa na presha kubwa kuliko vijana. Isitoshe, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali yake, hakuna hata mmoja aliyeonekana kuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu.

Je, ilikuwa ni bahati ya damu yetu? Wengi waliamini hivyo, na hata leo utasikia mtu akisema kwamba katika ukoo wao hakuna presha. Jibu lilikuja hatua kwa hatua, na lilitoka humu humu Kenya.

Katika miaka ya 1960, Profesa Shaper na wenzake waliwachunguza vijana wa Kisamburu. Walipokuwa nyumbani wakichunga mifugo na kunywa maziwa, presha zao zilikuwa ndogo. Wengine wakaandikishwa jeshini, na huko presha zikapanda. Kumbuka kwamba hawa hawakuwa watu wa kukaa ofisini. Walikuwa askari vijana wanaokimbia na kufanya gwaride kila siku. Lakini chakula cha jeshini kilikuwa na chumvi nyingi kuliko maziwa waliyoyazoea.

Kisha mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza likachapisha uchunguzi ulioongozwa na Daktari Poulter. Hapo watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini kando ya Ziwa Victoria kuja Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ukoo ulikuwa mmoja na umri ulilingana. Hata hivyo, waliohamia mjini walionekana kuwa na presha kubwa zaidi katika miezi ya kwanza tu ya maisha ya Nairobi. Uzito uliongezeka, moyo ulipiga haraka zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba sasa walikuwa wakila chumvi zaidi na kupata kidogo zaidi ile madini iitwayo potasiamu, ambayo hupatikana kwa wingi katika ndizi, maharagwe, viazi na mboga za majani.

Naomba uyasome tena maneno hayo, msomaji: miezi ya kwanza. Si baada ya vizazi vitatu, wala si uzeeni. Mwili wa mtu mzima uliozoea maisha ya kijijini ulianza kugeuka kabla mwenyewe hajazijua njia za mitaa ya Nairobi.

KINACHOTOKEA NDANI YA MWILI

Moyo wako una ukubwa kama wa ngumi yako, na hupiga takriban mara 100,000 kwa siku bila likizo. Chumvi ikizidi, mwili huzuia maji ili kuizimua, damu inaongezeka ndani ya mishipa, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Potasiamu hufanya kazi ya kinyume, kwani huzisaidia figo kuitoa chumvi. Kwa hiyo mtu anayeacha ndizi na mchicha na kushika chipsi na supu ya pakiti amejidhuru mara mbili: ameongeza kinachopandisha na amepunguza kinachoteremsha.

Presha ikikaa juu miaka mingi, ukuta wa ndani wa mshipa huchubuka. Mafuta mabaya yaliyomo katika damu, yaani kolesteroli, hujipenyeza kwenye ukuta huo na kutengeneza utando. Moshi wa sigara huongeza uharibifu, na sukari iliyozidi katika damu hali kadhalika. Siku moja utando unapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unaziba. Ukiziba kwenye moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ukiziba kwenye ubongo, ni kiharusi. Mtu husema fulani "ameanguka ghafla", lakini ghafla hiyo ilichukua miaka 20 kujiandaa.

Na katika miaka hiyo yote hakuna maumivu. Hapa ndipo penye hatari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya Wakenya wazima wana shinikizo la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Mzee wetu wa Garsen alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 53 siku niliyompima, na ilikuwa mara yake ya kwanza.

MJI UMEHAMIA MTONI

Sasa turudi kwake. Waluo wale wa mwaka 1990 iliwabidi wasafiri hadi Nairobi ndipo miili yao ibadilike. Mzee huyu hakusafiri. Imekuwaje?

Nilimwuliza anieleze siku yake tangu alfajiri, akanieleza bila kuficha. Zamani shambani alikwenda kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Siku hizi kijana wake ana pikipiki, humpeleka na kumrudisha. Sote tunakumbuka kwamba pikipiki ndogo zilijaa nchini tangu serikali ilipoziondolea kodi mwaka 2008. Zimeokoa maisha ya kina mama wengi wa uzazi katika sehemu zisizofikika, nami sizilaani. Lakini zimewapokonya watu hatua zao, na hakuna aliyezihesabu.

Asubuhi hunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, na mahamri au mandazi. Mafuta ya kukaangia hutumika leo, kesho na kesho kutwa mpaka yawe meusi. Samaki bado anakula, ndiyo, lakini mara nyingi si kambare wa mtoni. Ni papa mkavu au ng'onda wa madukani, samaki aliyehifadhiwa kwa chumvi, na mchuzi wake huongezwa chumvi nyingine pamoja na unga wa viungo wa pakiti, ambao nao ni chumvi. Ndizi anazolima hupakiwa kwenye lori kwenda sokoni, na pesa zake hununua unga mweupe, sukari na mafuta ya kupikia yaliyoganda. Jioni hukaa barazani na wenzake. Wengine hutafuna miraa iliyofika kwa gari la mchana, wengine huvuta sigara, wengine hunywa mnazi. Yeye anasema hutafuna "kidogo tu, siku za soko." Wataalamu waliowachunguza wagonjwa wa moyo nchini Yemen, ambako majani hayo hutafunwa sana, walikuta kwamba watafunaji walipata mshtuko wa moyo zaidi kuliko wasiotafuna. Miraa hubana mishipa na kuukimbiza moyo. Mtu asikudanganye kwamba ni majani tu.

Kama unavyoona, msomaji, hakuna jambo moja kubwa alilolifanya mzee huyu ambalo ungeliita kosa. Hakuwa mnene wala mlevi. Bado ana jembe mkononi. Lakini kijiko kwa kijiko na safari kwa safari, maisha ya Mombasa yamepanda barabara ya Malindi, yakapita Garsen na kushuka kijijini kwake. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, nao hawakusema kibaba cha nini.

MZIGO WETU WA DISEMBA

Hapa ndipo ninapotaka kukugusa wewe unayesoma gazeti hili ukiwa mjini. Ukienda nyumbani Disemba au wakati wa sikukuu, ndani ya gari unabeba nini? Nitakutajia nilivyokuwa nikibeba mimi: kilo kumi za sukari, mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, kreti ya soda, mikate, biskuti, na maziwa ya unga yenye sukari. Mama yangu alifurahi, majirani wakaona, nami nikajiona mwana mwema. Mwana asiyeleta sukari ni mwana gani?

Ilinichukua miaka mingi, tena nikiwa daktari, kutambua kwamba nilikuwa nikimpelekea mama yangu kwa mapenzi yale yale ninayowakataza wagonjwa wangu kwa hasira. Tumeifanya sukari kuwa kipimo cha heshima. Mgeni akipewa chai isiyo tamu sana anaona amedharauliwa. Mchuzi usioelea mafuta unaitwa wa kimaskini. Ndizi ya kuchemsha na matembele ni chakula cha kuonewa haya mbele ya mgeni kutoka mjini, na mgeni mwenyewe, ambaye ni wewe, hukubali kuku wa kukaanga bila kusema neno.

Nasema kwa dhati: mtu wa mjini ana sauti kijijini kuliko daktari. Ukikataa soda na kuomba maji ya madafu au embe, watoto wanakuona. Ukisifu mboga za majani, mama atazipika tena. Mwaka huu badala ya kreti ya soda, nunua kifaa cha kupimia presha, kile cha kufunga mkononi kinachotumia betri. Mpime baba, mpime mama, wapime wajomba na mashangazi, uandike namba kwenye daftari. Utakuwa umepeleka nyumbani kitu ambacho hakitaliwa kikaisha.

SI KILA MTU ANA HIARI

Lakini nisiwe kama wale wanaodhani kila ugonjwa ni kosa la mgonjwa. Tana River ni kaunti iliyopitia mengi. Katika mwaka 2012 na 2013 watu walipoteza ndugu na nyumba katika mapigano ya Tana Delta. Mafuriko ya 2018, kisha yale ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024, yaliwahamisha watu na kusomba mashamba. Mama anayelala kambini na watoto wanne hapiki anachotaka bali anachopewa, nami sina haki ya kumhubiria kuhusu mboga. Fauka ya hayo, huzuni na wasiwasi wa muda mrefu navyo huumiza moyo. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2004, uliofanywa katika nchi 52 zikiwemo za Afrika, uliuhesabu msongo wa mawazo miongoni mwa mambo tisa yaliyoeleza karibu mishtuko yote ya moyo. Mengine ni sigara, kolesteroli, presha, kisukari, kitambi, kukosa matunda na mboga, kukosa mazoezi, na mambo ya ulevi.

Kwa hiyo serikali nayo ina deni. Septemba 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Hilo ni jambo jema, na linafaa hasa mahali kama Tana River ambako zahanati ziko mbalimbali. Lakini kifaa kisicho na betri ni pambo, na mgonjwa anayeambiwa ana presha kisha asipate vidonge ameongezewa wasiwasi tu. Madiwani na viongozi wa kaunti zote, si ya Tana River pekee, waulizwe swali moja jepesi kila wanapokuja kuomba kura: dawa za presha zilikuwepo zahanatini siku ngapi mwaka jana?

Na tusidhani haiwezekani. Mwaka 1972 jimbo la Karelia Kaskazini nchini Finland lilikuwa na vifo vya moyo vingi kupita kiasi, hasa vya wanaume wangali kazini. Madaktari wakaongozwa na Pekka Puska, wakashirikiana na kina mama, waokaji mikate na wafugaji, wakapunguza chumvi, siagi na sigara. Katika muda wa miaka 40 hivi vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wale walikuwa wakulima na wakata miti, si matajiri wala maprofesa.

BASI UFANYE NINI?

Nitataja machache, kwa sababu orodha ndefu haifuatwi na mtu.

Kwanza, pima presha. Mtu mzima yeyote apime angalau mara moja kwa mwaka. Ikiwa mara kwa mara ni 140 kwa 90 au zaidi, una shinikizo la damu, hata kama unajisikia kama simba.

Pili, ondoa chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kikiwa sawa, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate, supu za pakiti na samaki mkavu. Ng'onda akilowekwa na maji yakamwagwa, hupunguza chumvi. Tumia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na nazi kidogo. Ulimi huzoea baada ya majuma machache, kisha chakula cha wengine utakiona kikali.

Tatu, rudisha ndizi, maharagwe, mchicha, matembele, mapapai na maembe kwenye sahani yako. Si chakula cha haya, bali ni dawa ambayo baba zetu waliila bila kuandikiwa. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye anapaswa kumwuliza daktari kwanza.

Nne, tembea. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, inatosha kuanzia. Shuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya kwako. Lakini wakumbuke wale askari wa Kisamburu: mazoezi hayafuti chumvi. Yote mawili yanahitajika.

Tano, acha sigara kabisa, si kupunguza. Baada ya mwaka mmoja hatari ya moyo inayoletwa na sigara hupungua kwa karibu nusu. Ni duka gani lingine linalokulipa hivyo?

Sita, ukipewa dawa za presha, zimeze kila siku. Wagonjwa wengi huniambia, "Daktari, niliacha kwa sababu nilipona." Hukupona, ndugu yangu, bali dawa ilikuwa ikifanya kazi yake. Ukiiacha, presha inarudi kimyakimya kama ilivyokuja.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Kifua kikibana au kuelemea kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yakaenda mkononi, shingoni au kwenye taya, na ukatokwa na jasho baridi au pumzi ikawa fupi, usinywe magadi wala usingoje asubuhi. Kwa wanawake na wenye kisukari huenda kifua kisiume sana, wakahisi tu uchovu wa ajabu, kichefuchefu na kukosa pumzi. Vilevile mdomo ukipinda, mkono ukalegea au maneno yakakwama, hicho ni kiharusi. Katika hali zote hizo kila dakika ni nyama ya moyo au ya ubongo inayokufa.

NDUGU WALE LEO

Mdogo sasa hutembea kila alfajiri kabla jua halijawa kali, polepole, na mkewe kando yake. Amepungua kilo tisa. Moyo uliokufa haufufuki, lakini uliobaki anautunza.

Kaka yake alirudi Garsen na vidonge vya miezi mitatu na karatasi niliyomwandikia. Nilidhani atavitupa. Mwezi uliopita alinipigia simu akitumia simu ya kijana wake. Presha sasa ni 136 kwa 84, alisema, na alikuwa amepimwa na mhudumu wa afya wa kijiji chao, chini ya mwembe. Shambani anakwenda kwa miguu asubuhi, na jioni ndipo anarudi kwa pikipiki. Kisha akaniambia jambo lililonifanya nitabasamu mchana kutwa. Wazee wenzake wanne wa barazani nao wamepimwa, na watatu kati yao wamekutwa nayo.

"Tulidhani ni maradhi ya huko kwenu, daktari," akasema. "Kumbe tulikuwa nayo hapa hapa, tunakunywa nayo chai."

Wiki ijayo, Mungu akijalia, tutazungumzia figo. Mpaka wakati huo, msomaji, kabla ya kugeuza ukurasa huu jiulize: mara ya mwisho kupimwa presha ilikuwa lini? Na mama yako, je?